Bei ya Ukurasa Usio na Maneno

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Octavian Ngassa aliishi kwa herufi. Ukitoka stesheni ya Tabora ukaelekea sokoni, unasoma mkono wake bila kujua: duka la vipuri, saluni, mashine ya kukoboa, dawa za mifugo. Alitoza kwa herufi, kama mafundi wenzake wote wa mabango. Herufi kubwa ilikuwa na bei yake na ndogo bei yake. Nukta na mkato vilikuwa bure. Mteja mwenye jina refu alinung'unika, mwenye jina fupi alicheka, na kazi ikaendelea.

Mwaka jana alikuwa Nzega, anaandika ukuta wa ghala la pamba, ngazi ikateleza. Alianguka akaumia nyonga. Binti yake Pelagia, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiishi naye, alimwambia ngazi sasa basi.

"Ngazi ndiyo inayonilisha," alisema.

"Ndiyo itakayokuzika pia, Baba."

Miezi minne baadaye alikuwa juu tena, mguu mmoja ukiburuta. Pelagia alikuwa akipita na wanafunzi wake barabarani, anamwona baba yake wa miaka sitini na tisa amening'inia ukutani, anageuza uso. Walishapiga hesabu ya njia nyingine: kukodi kibanda cha chini, kulipa kodi ya mwaka mzima, kununua meza na mashine ya kupulizia rangi, watu wawe wanamletea mabango pale alipo. Ilihitajika milioni tatu na nusu. Fedha hizo hazikuwepo, wala hawakujua zingetoka wapi.

Ndipo alipopiga simu mwanamke mmoja wa Dar es Salaam, Zamda, aliyekuwa akikusanya katuni za zamani. Alitaka kurasa za "Njia ya Nyamizi".

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya tisini, kabla ya mabango, Octavian alikuwa mchoraji wa katuni mjini Dar. Gazeti lililomwajiri lilitoka kila wiki mbili, na kurasa zake zilisimulia habari za Nyamizi, mwanamke aliyefuatana na wapagazi kwa miguu kutoka Unyanyembe, huko huko Tabora, hadi pwani. Gazeti likafa, kama yalivyokufa mengi. Octavian akarudi kwao na sanduku la bati, ndani yake kurasa ishirini zilizosalimika, zile zenyewe alizochora kwa mkono. Sanduku likaingia chini ya kitanda likakaa huko.

"Andaa bei ya kila ukurasa, mzee," Zamda alimwambia kwenye simu. "Nakuja Jumamosi."

Octavian hakupata taabu. Bei aliijua. Kwa kuwa herufi za katuni ni ndogo kuliko za ukutani, alikata shauri kila moja iwe shilingi mia mbili. Siku tatu mfululizo, Pelagia alipotoka shule, walikaa mezani wakahesabu herufi zilizomo kwenye viputo vya maneno. Kazi hiyo Pelagia aliizoea tangu utotoni, alipokuwa akimhesabia baba yake majina ya maduka. Ukurasa wa kwanza, herufi mia mbili na kumi na nne. Wa pili, mia moja na tisini. Aliandika kila kitu kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Walipofika ukurasa wa kumi na saba, alinyanyua penseli akakosa cha kuhesabu.

Ulikuwa picha moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo. Msafara unavuka Mgunda Mkali, lile pori ambalo wapagazi walilitembea kutwa bila maji. Hakuna anayesema neno. Vumbi limetanda juu yao, na Pelagia alipoinama aliona si vumbi bali matone maelfu ya rangi nyeupe, madogo kuliko punje ya chumvi.

"Mswaki," baba yake alisema. "Unachovya rangi, unakwaruza kwa kidole gumba. Ukizidisha umeharibu wiki sita."

"Wiki sita?"

"Au saba, usiku usiku, nikishamaliza kurasa za gazeti."

Kwa kuwa macho yake yalishazoea kuhesabu, Pelagia alihesabu watu. Walikuwa mia moja na watatu. Chini ya wino aliona mistari ya penseli, jinsi bega lilivyowekwa, likafutwa, likawekwa tena. Kisha akaona jambo jingine: hapakuwa na wawili waliotembea sawasawa. Mmoja alikanyaga kwa kisigino, mwingine kwa vidole kama anayeogopa miiba, mwingine alitupa goti pembeni kwa uzito wa pembe ya ndovu begani.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Kigwa, stesheni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa nawatazama watu wakishuka na mizigo. Kila mmoja hapo nimemwona akitembea."

Karibu na katikati alikuwepo mwanamke mwembamba mwenye chungu kichwani, unyayo wa kushoto umegeuka nje. Ndivyo alivyotembea mama yake Pelagia, marehemu Katarina. Pelagia alikaa akiutazama unyayo ule mdogo kama kucha, akashangaa kwamba kitu cha namna hiyo kilikuwa chini ya kitanda muda wote ambao yeye alikuwa akifagia chumba kile.

"Na huu tuandikeje?" alisema mwishowe.

"Hauna maneno," baba yake akasema. "Weka elfu tano. Ya karatasi."

Jumla ya kurasa zote ikawa laki nane na elfu kumi na nane.

Zamda alifika Jumamosi asubuhi, mama mnene wa miaka hamsini mwenye miwani kichwani na nyingine shingoni. Pelagia alimwamkia. Octavian alimuuliza kwao wapi.

"Kisarawe. Mzaramo halisi."

"Lo, mtani wangu." Octavian alinyoosha mgongo, maana kabila lake na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. "Pelagia, funga kabati. Watu hawa babu zetu waliwabebea mizigo mpaka pwani, walipofika wakauziwa maji ya kunawa."

"Tuliwauzia kwa sababu mlinuka," Zamda akajibu akivuta kiti. "Siku tisini njiani hujaoga, halafu unataka kuingia mjini na shingo hiyo? Hebu nioneshe vikaratasi vyako kabla hujafa, maana nakuona umebaki mifupa."

Octavian alicheka hadi nyonga ikamuuma. Pelagia alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu aanguke.

Kurasa zilitandazwa mezani na daftari likawekwa kando yake. Zamda alizipitia polepole, akazilinganisha na daftari, akakunja uso. Alipofika wa kumi na saba alisoma "5,000", akaunyakua.

"Huu nauchukua mimi, mtani. Na silipi."

Pelagia aliijua desturi ya utani. Mtani akishachukua kitu cha mtani wake, hakidaiwi. Anayenung'unika ndiye anayeaibika. Kuku, kofia, hata baiskeli ziliwahi kwenda hivyo.

"Chukua," alisema Octavian akipunga mkono. "Hauna hata herufi."

Zamda aliupeleka mlangoni penye mwanga. Alishusha miwani ya kichwani, akaitoa, akavaa ile ya shingoni. Alisimama pale. Kule nje muuza mkaa alipita akinadi, akarudi akapita tena, na Zamda bado amesimama, pua yake karibu iguse karatasi. Mgongo wake mpana ulikuwa umetulia kabisa. Pelagia aliusoma mgongo ule, maana alikuwa anajua mwenyewe mtu anakuwaje mbele ya wale mia na watatu.

Aliporudi aliulaza ukurasa mezani kwa mikono miwili.

"Huu siwezi kuuchukua kwa utani," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee, hesabu hii mlipigaje?"

Pelagia ndiye aliyeeleza: mia mbili kwa herufi. Alipokuwa anaeleza alisikia masikio yake yakipata moto.

Zamda hakucheka. "Mmeigeuza juu chini," alisema. "Anayenunua ukurasa wa mkono hanunui maneno. Maneno yako gazetini, yalishachapwa. Anataka kuona mkono ulivyopita. Ukurasa uliojaa viputo ndio wa bei ya chini, kwa sababu viputo vimekula picha."

Octavian aliuelekezea kidole ukurasa wa kumi na saba. "Mhariri alinilipa nusu kwa huu," alisema. "Aliniambia msomaji ananunua maneno, na mimi nimemwibia ukurasa mzima. Sikuchora mwingine wa namna hii."

"Alikulipa ili auchapishe. Karatasi ilibaki yako. Na yeye alikosea."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii, mtani."

Walianza upya. Zamda alimwuliza kila ukurasa ulimchukua siku ngapi, na Octavian, jambo la ajabu, alikumbuka: huu nne, huu tisa, huu nilikuwa na malaria. Siku zikazidishwa kwa ujira wa fundi mzuri wa siku hizi. Hapo ndipo pa kuanzia, Zamda alisema, chini ya hapo ni dhuluma. Ukurasa ambao Nyamizi anaonekana uso mzima ukaongezwa. Uliotafunwa na mende ukapunguzwa. Zamda aliwatajia bei alizowalipa wachoraji wengine, na risiti alizitoa kwenye mkoba ili waone. Walibishana, wakatukanana majina ya mababu, Pelagia akafuta na kuandika. Hadi saa nane mchana kurasa kumi na tisa zilikuwa zimefika milioni tatu na laki saba.

Pelagia aliitazama jumla ile mara mbili. Kibanda kilikuwemo ndani yake, na mashine, na kodi ya mwaka, na kikabaki cha unga.

"Sasa huu," Zamda alisema, akigusa meza kando ya ukurasa wa kumi na saba bila kuugusa wenyewe. "Milioni tatu. Hapa sinazo, nitarudi nazo mwezi ujao. Na nakwambia wazi, siyo bei ya juu sana."

Octavian aliuvuta kwake. Alikaa nao, mikono miwili pembeni, kama mtu aliyeletewa mtoto wa mwenzake ampakate.

"Huu bado," alisema.

"Bado bei?"

"Bado mimi. Niliutia sandukuni nikiuonea aibu. Sijawahi kuutazama."

Zamda aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akasukuma penseli kuelekea kwake. "Basi andika bei nyuma. Maana wewe mifupa, ukifa kesho wajukuu watafungia karanga."

Octavian aliugeuza akaandika milioni tatu kwa tarakimu zile zile nzuri za mabango yake, akatia tarehe. Akaugeuza tena. Aliinama juu ya msafara muda mrefu, kidole kikifuata mstari wa miguu bila kugusa wino.

"Kuna mguu mmoja hapa nimeukosea," alisema. "Nipunguze bei?"

"Usithubutu," Zamda akasema.

Lakini yeye na Pelagia walikuwa tayari wameinama, vichwa vikigusana, wakiutafuta mguu huo mtu baada ya mtu, kutoka kwa yule wa mbele hadi wa mwisho vumbini. Hawakuuona.