Mkono Usiopiga Nao Huumiza

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya baridi hapa Thornton Heath, huku ughaibuni, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na nikijiona mtu mwema. Nitakusimulia bila kupamba. Najua utanijibu kwa Kiingereza, si neno. Kiswahili unakielewa, nami kwa umri huu nataka kueleweka kuliko kujibiwa.

Nilikuwa nimetoka Voi mwaka uliotangulia, nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Waafrika tulikuwa wanane. Kuwaogesha wazee, kuwavisha, kuwalisha, kubadilisha mashuka, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu. Lakini meneja alitoa amri kwamba siku za Jumapili, jamaa za wazee wanapokuja kuwatembelea, sisi weusi tukae jikoni na chumba cha kufulia, sebuleni waonekane wenzetu weupe tu. Alisema baadhi ya familia zimelalamika. Hakusema ni zipi.

Wengine walitaka tugome. Aliyetuzuia ni Mama Nafula, mwanamke wa Bungoma, mtu mzima kuliko sote, aliyelelewa katika kanisa lisiloruhusu muumini kushika silaha hata wakati wa vita. Alisema tukigoma, wa kwanza kuumia ni wazee walio kitandani, na si wao waliotunga amri. Shauri lake lilikuwa kwamba kila siku zamu ikiisha tusimame nusu saa mbele ya lango, tukiwa na sare zetu, kimya, na bango moja lenye maneno "Sisi ndio tunaowatunza mama zenu". Tusimtukane mtu. Tusichelewe kazini, wala kazi isipungue hata chembe. Tulikubali, tukaomba pamoja, tukaanza.

Tulisimama wiki mbili. Wapita njia wengine walitucheka, mmoja alitutemea mate. Pale nje nilivumilia. Nilishindwa ndani.

Ghorofani, katika chumba cha mwisho, alikaa Bwana Leonard, Mwingereza, dereva wa treni mstaafu ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tena. Kila nilipomgusa alijifuta kwa leso. Alasiri ile, nikimvisha soksi, aliniambia kwamba hata tukisimama pale nje mwaka mzima tutabaki nyani. Nilichukua kengele yake, ile aliyobonyeza akihitaji msaada, nikaiweka juu ya kabati asikoweza kufika, nikatoka na kufunga mlango taratibu. Taratibu, mwanangu. Mtu akibamiza mlango utasema hasira ilimchukua. Mimi niliufunga kama mtu aliyemaliza kazi.

Baada ya saa mbili Mama Nafula alimkuta sakafuni. Alikuwa amejaribu kwenda chooni peke yake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, nguo zimelowa, sauti imemkauka kwa kuita. Gari la wagonjwa likaja likamchukua. Mama Nafula akaiona kengele juu ya kabati, na alijua ni nani aliyekuwa na zamu ya vyumba vile.

Aliniita chumba cha kufulia. Nilianza kwa kujitetea.

"Sikumpiga, Mama. Hata sauti sikumwinulia."

"Najua hukumpiga," alisema. "Ulimwacha. Wakesho, mkono usiopiga nao huumiza."

Nikamwambia dawa ya moto ni moto. Akasema moto ukizimwa kwa moto hubaki majivu, tena ya nyumba zote mbili. Kisha akaniagiza niende kwa meneja nikaseme mwenyewe. Hapo niliogopa kweli, na si kwa ajili yangu tu. Nilimweleza kwamba meneja anatafuta sababu. Akiipata hii, msimamo wetu umekwisha. Tungeweza kusema kengele iliwekwa kule juu wakati wa kufagia, tukaisahau. Nani angejua?

Alichukua shuka, akalikunja polepole. Nadhani naye alikuwa akipima, maana watoto wake watatu walisomeshwa kwa mshahara ule.

"Bango letu linasema tunawatunza," alisema. "Ukilificha hili, tutakuwa tunasimama pale na uongo mikononi."

Nilikwenda, nikasema yote. Nilifukuzwa siku hiyohiyo, na siwezi kuiita dhuluma. Meneja aliziandikia familia barua kueleza nilichofanya, akisema hao ndio wanaodai heshima. Wenzangu wawili waliacha kusimama. Mmoja hajanisemesha hadi leo. Nilimwendea Bwana Leonard hospitalini kumwomba radhi. Alinitazama, akageukia ukuta. Hakunisamehe, wala sikuwa na haki ya kumdai msamaha.

Mama Nafula na wenzake wanne waliendelea. Basi binti wa bibi mmoja aliyetunzwa pale, Mwingereza naye, aliipata ile barua, akaja langoni kuuliza. Mama Nafula hakumficha kitu. Alimwambia nilichofanya, na kwamba nilijisema mwenyewe. Yule binti akaingia kwa meneja, akamtaka amtajie familia zilizolalamika. Hakutajiwa hata moja. Jumapili iliyofuata alisimama nao, na jamaa za wazee wengine wakamfuata. Haukupita mwezi, amri ikaondolewa. Sikuyaona hayo, nilisimuliwa. Nilikuwa Ilford, mbali na pale, nikimenya viazi katika jiko la shule, na ilipita miaka mitatu kabla mtu hajaniamini tena na kunikabidhi mgonjwa.

Sasa nawe unatoka na mabango, mwanangu. Sikuzuii. Ubaguzi ungalipo, na anayenyamaza huuongezea siku. Toka, simama, sema. Ila usidhani umeacha jeuri kwa sababu hukurusha jiwe. Jichunguze siku utakapobaki peke yako na aliyekudharau, mlango umefungwa, naye hana nguvu. Pale ndipo amri ya Kristo ya kumpenda adui inapokuwa ngumu, na pale ndipo inapohitajika. Ukikosea, jiseme kabla hujasemwa. Mficha uchi hazai. Wala usingoje kusamehewa ndipo utubu, maana huenda usisamehewe kamwe, na toba bado ni deni lako.

Mungu akupe sauti mbele ya wakubwa na upole mbele ya wanyonge, hata mnyonge asiyekupenda. Mikono yako isiache kidonda nyuma yako. Nenda, mwanangu, na amani iende nawe.