Siku Nilipowarowesha Washenga

Sasa nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, maana aibu niliyoiingiza nyumbani kwetu mtaa wa Amani haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya dada yangu Zuhura, aliyekuwa akiposwa.

Asubuhi nilikuwa nimekitega katikati ya ukoka wangu kinyunyizio kipya cha mikono mitatu (hakina mota wala umeme: ncha za mikono zimepindwa, maji yakichupa upande huu yanausukuma mkono upande ule, basi kinazunguka chenyewe), nikafungua bomba, maji hakuna. Nikaliacha wazi, kama tufanyavyo sote mtaani, ili yakija tuyasikie.

Alasiri washenga wakafika, wazee wanne, kanzu zimenyooka na zinanukia udi, nami kwa kujishaua nikasema ndani joto, tukae nje kwenye ukoka. Nikatandika mikeka kukizunguka kile kidude (nilikiona, nikajiambia bila maji hakina madhara). Mzee Seif, ami yake mposaji, akavaa miwani na kuifungua barua ya posa.

Maji yakaja. Kwanza kidude kikakohoa hewa, kikatema matone, nikasema, "Msijali," kisha maji yakashika kasi kikaanza kuzunguka, kila mzee akapata zamu yake, na nilipokiinamia nikikamate kikanipiga usoni nikaangukia sinia la halua. Wino wa barua ukachuruzika. Nilitaka kulia, kwani Zuhura ana miaka thelathini na nane na posa yake ya kwanza ilivunjika.

Mara akatoka yeye mwenyewe, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kuchungulia, akapita katikati ya maji akaenda kufunga bomba ukutani (mimi hata sikulikumbuka), akasema, "Shikamooni wazee. Karibuni ndani, nshawatolea mataulo."

"Marahaba," akajibu Mzee Seif, akikamua ndevu. Akaigeuza barua huku na huku. "Hii haisomeki tena. Basi tukuulize mwenyewe, mwanangu. Unatutaka, na tumerowa hivi?"

Tangu siku ile nimeapa kwamba bomba kavu nitalifunga, na wageni wa dada yangu nitawakalisha ndani na joto letu. Ama jibu la Zuhura, desturi yetu mwanamke akiulizwa akanyamaza, ndiyo keshakubali. Zuhura hakunyamaza. Aliangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ile posa ivunjike, na wazee wakakikubali kuwa ndiyo yake.