Mama Mkwe na Ngazi za Urithi

Nyumba tunayopanga mtaa wa Bertrams, huku kusini mwa Afrika, inalindwa na sheria ya majengo ya kale. Sisi tuliomo ndani hatulindwi na chochote, lakini matofali yake yana serikali nzima nyuma yao. Aliyeijenga alikuwa Mwingereza aliyekumbuka parokia ya kwao kijijini, akaweka ngazi tatu za mawe mbele ya mlango, ndefu, zinazoteleza, bila pa kushika. Nadhani kwao wazee hawakuwa na magoti.

Mama mkwe wangu anayo, yote mawili mabovu. Alitoka Bukavu kuja kuishi nasi, na kwetu mkwe hamgusi mama wa mkewe. Mke wangu husuka nywele mjini kutwa nzima. Mimi ni fundi cherehani, nashona sebuleni. Basi mama alishinda ndani kwenye baridi ya Juni, jua likimwagika bure mbele ya nyumba. Uani nyuma ni kivuli mwaka mzima. Siku moja nilimnyooshea mkono. Alinipa mgongo, akauambia ukuta, "Huyu mutoto anataka kunipatisha haya!" Nikarudi kwenye cherehani, nikaharibu suruali ya watu kwa hasira. Nilimhurumia, na kumwacha pale kuliniuma.

Niliandika barua kuomba kuweka chuma cha kushikia. Mgeni anayesubiri karatasi zake hachomelei kitu bila ruhusa. Akaja afisa wa majengo ya kale, mwanamke mwenye kofia pana, akayabonyabonya matofali kama anayechagua nyanya sokoni. Alisema chuma kingeharibu sura ya nyumba.

"Na mama je?" nikamuuliza.

Akapekua makaratasi yake. "Mama hayumo kwenye orodha."

Baada ya miezi miwili mafundi wa ofisi yake walikuja na drili. Wakatoboa ngazi ya katikati, wakasimika nguzo nene ya chuma yenye kibao kinachosema ni marufuku kubadilisha chochote hapa. Nilicheka mpaka sindano ikanidondoka.

Asubuhi iliyofuata nilisikia mlango ukifunguliwa. Mama mkwe alishika fremu, akanyoosha mkono, akaikumbatia nguzo, akashuka taratibu hadi chini. Akakaa juani, akafumba macho. Nilimchungulia dirishani, adabu pembeni, machozi yakinitoka.

Tangu hapo hashindi ndani. Rangi ya nguzo imebanduka pale anaposhika, na juzi ofisi iliniandikia kwa ukali: nani anaharibu mali ya urithi? Nimhoji kila mtu nyumbani, nitoe maelezo.

Nimewajibu kwa heshima zote. Mhusika namjua, yuko nje anaota jua, ila ni mama mkwe wangu, na kwetu mkwe hamhoji mama wa mkewe. Mila hiyo ni kongwe kuliko nyumba yao.