Maharusi Ndani ya Diski

Kofi la kwanza lilinikuta bado nimeshika kipanya. Nilikuwa nimesema neno moja tu, "imejaa", na kaka yangu alikwishalisikia neno hilo siku tatu mfululizo.

"Imejaa nini? Picha nshafuta, video za mipira nshafuta. Imejaa nini?"

Mimi si msemaji. Kuandika ndiko sikuonei haya.

Ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, nyumbani kwetu Kiembe Samaki, mama kaenda sokoni Mwanakwerekwe. Kaka alikuwa akicheza gemu la vita na rafiki zake wawili, kila mtu kwao, wanasikilizana kwa simu iliyolazwa juu ya meza. Kila akifika mlangoni mwa jengo ambamo adui wamejificha, kioo kinaganda, bunduki inakwama kwenye risasi moja, ta-ta-ta-ta, kisha gemu linajifunga na maandishi yanatokea kusema kumbukumbu haitoshi.

"Kakimbia tena," simu ikasema. "Huyu kila akiona damu anakwenda chooni."

"Mwache, kaenda kumwita mama yake," rafiki wa pili akadakia.

Kaka akaipiga meza ngumi, kikombe cha chai kikapinduka. Halafu akanigeukia mimi.

Na mimi nilijua diski imejaa nini. Mama anasinga maharusi, huwasugua mwili kwa liwa na manukato, na kuwapamba, na siku ya kumsinga bi harusi wanawake hucheza vichwa wazi, wamevaa watakavyo, kwa kuwa hapana mwanamme. Mama huwapiga video, na video hukaa kwenye kompyuta yetu mpaka wenyewe waje na flashi zao. Mwanamme haruhusiwi kuziona, hata akiwa mtoto wa kumzaa mwenyewe. Mama akaniambia nizifiche, nami nikazificha vizuri mno: kompyuta ina diski mbili, na ukifungua ya kwanza, ndimo zilimo, huoni kitu, na nafasi pia huioni. Kaka alikuwa anapigana na asichokiona.

Gemu halikuwa na kosa. Kompyuta yetu ni ya mtumba, kumbukumbu yake ndogo, na kazi ikiizidi huazima nafasi kwenye diski, ikatua mzigo huko kwa muda. Sasa maharusi wamekaa kila pembe, hapana pa kuazima, basi inaanguka.

"Kaka, ipo diski ya pili," nikasema. "Tuifanye iazime huko. Lakini huko kumejaa magemu yako. Ufute moja tu."

Akaukamata ushungi wangu akauvuta mpaka pini ikanichoma shingoni.

"Nifute gemu langu? Nnakwambia hivi, naifuta kompyuta nzima, naianza upya, khalasi."

Akachomeka flashi yake yenye programu ya kuianza kompyuta upya. Hakuwa anatisha tu, alikuwa anafanya. Na ndani mle mlikuwa na video ya bi harusi wa wiki iliyopita, ambayo mama yake alikuwa aje kuichukua Jumatatu, na nakala nyingine hapana. Siku ile ya kusingwa hairudiwi.

Nikamuuma mkono. Sijapata kumuuma mtu maishani. Nilikaza meno mpaka nikaonja damu, na nisidanganye, nilipoionja nilitaka kukaza zaidi. Akanipiga ngumi ya mdomo, nikaanguka na kiti.

"Nani huyo analia?" simu ikauliza.

"Paka," kaka akasema, akatoka kwenda kuosha mkono.

Nikatia komeo. Nikachomoa flashi nikaitupa dirishani. Nikafungua diski ya pili nikafuta gemu lake la mpira, lile kubwa kuliko yote, alilolicheza mwaka mzima. Halafu nikaingia kwenye mipangilio, nikaiambia kompyuta iache kuazima diski ya kwanza, iazime ya pili, na ukubwa nikaupima mwenyewe. Damu ilikuwa inadondokea kibodi. Kaka alikuwa anaupiga mlango mateke, bawaba moja ikang'oka misumari.

"Ntakuua. Fungua, ntakuua."

"Paka gani huyo kajifungia?" simu ikacheka.

Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Ilipowaka nikafungua mlango nikasema, "Cheza."

Akanisukuma ukutani, akakaa. Safari hii aliingia ndani ya jengo. Aliua wanne pale pale, na kioo hakikuganda. Rafiki zake wakapiga kelele, naye akacheka, mkono wake umevimba alama za meno yangu. Akacheza mpaka karibu na magharibi, ndipo akauliza bila ya kunitazama:

"La mpira liko wapi?"

"Nimelifuta."

"Ingia ndani, bwana, unauliwa," simu ikamwita.

Akanipiga kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayefukuza nzi, wa kulia bado umeshika kipanya.

Mama aliporudi alinikuta nimekaa barazani. Akaweka vikapu chini, akanishika kidevu, akautazama mdomo.

"Kaka yako?"

"Naam. Alitaka kufuta kompyuta nzima."

Mkono wake ukasita kidevuni pangu.

"Na video za watu?"

"Zipo."

Ndipo akavua kiatu kimoja, akakikamata mkononi, akaingia ndani.