Shamba la Marejea Nililoliandika Pori

Juma lililopita nilipata barua kutoka Kihesa, Iringa, nikaisoma nimesimama mlangoni. Mama mmoja mjane, niliyemfahamu nilipokuwa karani wa baraza huku Mbeya, amefariki nyumbani kwa binti yake. Wasomaji wangu hamkumjua. Mimi nilimjua na nilimkosea, na machozi yangu ya leo hayamfai kitu.

Alikuwa na shamba moja tu, mlimani, alilolima na marehemu mumewe mpaka udongo ukachoka na mahindi yakawa yanaishia magotini. Akaenda misheni, akapata mbegu za marejea, mmea wa kurutubisha udongo, akazisia shamba zima ili lipumzike misimu miwili, kila msimu akiyafukia yakianza kutoa maua ili yaoze yawe mbolea. Majirani walimcheka kwamba analima majani. Mwaka huohuo baraza lilitaka orodha ya mashamba yaliyotelekezwa, wapewe wasio na ardhi. Nikapita na baiskeli, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, nikaona majani marefu hayana hata njia, nikaandika: pori, halina mwenyewe.

Alikuja ofisini siku shamba lilipokwisha kugawiwa. “Karani, shamba halijaachwa. Limelala. Ile majani nimepanda mwenyewe.”

“Mama, orodha imeshapelekwa.”

“Sasa mwanangu, mtu akilala, wewe unaandika amekufa?”

Nikalifunga daftari. Ningeweza kwenda kwa wakubwa nikasema nimekosea, lakini niliogopa kazi yangu. Aliyepewa shamba aliyafyeka marejea, akayachoma moto, akapanda mahindi, na msimu wa pili yakaishia magotini vilevile. Mama alifunga mzigo wake akapanda basi la Iringa. Nilimkuta kituoni, akaniuliza habari za watoto kwa upole uleule, na upole huo unaniuma hadi leo.

Siku hizi mabwana shamba wanahimiza marejea kila kijiji, nasi tunaitikia kama jambo jipya. Tuliosoma kidogo tuna ugonjwa huu wa kudhani kwamba tusichokielewa hakina mwenyewe, na kalamu zetu zinakimbia kuliko miguu. Ukitumwa kuandika mali ya watu, ndugu msomaji, shuka kwenye baiskeli uulize. Nyumba ya mama yule ilikuwa mpakani mwa shamba, na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Niliuona, nikapita bila kupiga hodi.