Ubao wa Wandera

Siku ya kwanza kazini sikushika brashi. Fundi Mkuu wa karakana ya serikali pale Tororo, mzee mkali wa macho, alinipa kipande cha msasa na ubao wa mvule uliokwisha pakwa rangi. "Kwaruza," akasema. "Rangi mpya juu ya rangi kavu, bila msasa, haishiki. Itabanduka ikuaibishe." Nilikwaruza hadi vidole vikatoka damu.

Ninyi mnaochapa vibao vya barabarani kwa mashine hamjui taabu hiyo. Tulianza na mafuta ya kitani ili mbao zisinywe rangi, kisha nyeupe mara mbili, ndipo herufi. Herufi zangu zilisimama wima, madereva wakazisoma toka mbali. Nililijua hilo, na nilitaka kila mtu alijue.

Ndipo akaletwa Wandera, mtu wa Bulumbi, rika langu. Herufi zake ovyo kabisa. Lakini rangi iliyobaki jioni aliipaka kwenye ubao wake nyuma ya stoo: hapana mtu, hapana ng'ombe, hapana nyumba. Nyekundu tu imeegemea kijivu, na manjano nyembamba ikipita katikati.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni mvua nakuja, Fundi Saidi."

"Mvua gani nyekundu?"

"Ya kwetu. Udongo naruka kwanza."

Nilimcheka, lakini macho yangu yalirudi pale kila siku, na roho ikaniuma.

Bwana Injinia, mkubwa wetu wa barabara, hakuwahi kusimama mbele ya kibao changu ila kutafuta makosa. Mbele ya ubao ule alisimama hadi kiko chake kikazimika. "Jumamosi nitachukua hii, nitaweka nyumbani yangu," akasema. "Wewe Saidi, unaweza kufanya kama hii?"

"Hapana, Bwana."

Ulikuwa wivu, sina jina lingine la kuupa. Wandera alikuwa ametumwa Sikuda siku mbili kupaka daraja. Nikauchukua ubao wake, nikaupaka nyeupe upesi upesi, kesho yake nikaandika SIMAMA, nikaupandisha kwenye lori la Busia, ukasimamishwe mpakani.

Aliporudi akauliza, "Ubao yangu iko wapi?"

"Sijui."

"Basi. Nafanya ingine."

Akafanya mwingine, na Injinia akauchukua huo. Sikupata faida yoyote.

Nilipokwisha staafu, dereva mmoja wa Busia aliniletea kibao kile nikiandike upya. Nyeupe ilikuwa imebanduka vipande vipande, na chini yake mvua ya Wandera ilikuwa inaonekana. Nikamalizia kuibandua ile nyeupe kwa kisu, taratibu, nikautundika ubao sebuleni. Wageni wakiuliza nani aliuchora, nilisema ni mimi.

Juzi Wandera alikuja kunijulia hali, mzee mwenzangu sasa. Aliutazama ubao, akapitisha kidole gumba ukingoni, palipobaki nyeupe kidogo.

"Fundi Saidi," akasema, "ile siku ulisahau msasa."

"Sikusahau," nikamwambia. "Niliogopa utarudi kabla sijamaliza."