Tarumbeta ya Chakula cha Jioni

Kutoka Tabora mpaka Guangzhou mtu anaweza kufika haraka. Mimi sijawahi kufika popote haraka. Treni ilikwama Dodoma hadi tukawajua wauza mayai kwa tabia zao. Dar es Salaam nikasubiri visa kwa binamu yangu, ambaye kila asubuhi aliniuliza kwa upole kama ndege bado zinaruka. Nairobi, Bangkok, halafu Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ambako niliteremka na viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Afisa uhamiaji alivitazama viatu muda mrefu kuliko pasi. Miaka ya nyuma nilijaribu maisha kwingine: Lusaka ilikuwa imeshanichosha, Durban niliichosha mimi. Nikasema hapa nitatulia.

Ulikuwa mwaka wa Olimpiki ya Beijing, na polisi wa Guangzhou walitukagua wageni kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi. Hotelini tuligongewa milango hadi tukawa tunalala na pasi chini ya mto. Ndipo Mzanzibari mmoja, mwenzangu katika kununua jinzi kwenye viwanda vya Xintang, nje ya jiji, akanipatia chumba kwenye kichochoro kilichoegemea ukuta wa kambi ya jeshi.

“Nani atakuja kukutafuta mlangoni kwa wanajeshi?” alisema.

Mwenye nyumba alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya king’ora. Nilimwita Ayi, yaani shangazi. Yeye aliniita Laoban, bosi, kama anavyoitwa kila anayelipa kodi. Sharti lake lilikuwa moja: nisionekane. Mgeni haruhusiwi kulala karibu na ukuta ule; nikijulikana, chumba kimekwenda na visa haiongezwi. Mtu wa urefu wangu na rangi yangu, asionekane Guangzhou! Nikakubali.

Jioni ya kwanza nilikuwa narudi na kiroba cha jinzi begani, tarumbeta ikalia ng’ambo ya ukuta. Nikatua kiroba, nikasimama mguu sawa, mikono ubavuni. Sikufikiri. Nimekulia jirani na kambi ya jeshi, na kwetu tarumbeta ya jioni maana yake bendera inashushwa: mwenye baiskeli anashuka, mama na ndoo yake anaganda, hata mlevi anajitahidi kunyooka. Ukiendelea kutembea, askari anakuita na kukurusha kichura mbele ya wasichana. Lakini ujirani ule ulikuwa na faida zake. Kiangazi tulichota maji kwenye bomba la kambi, na jino langu la kwanza kung’olewa liling’olewa na sajenti, bure, kwa nguvu za taifa zima.

Kichochoro kilinitazama.

“Laoban, una nini?” Ayi aliuliza.

“Bendera.”

Akacheka hadi akashika ukuta. “Bendera gani? Wanaitwa kula!”

Ningeacha, lakini mwili ulikataa. Kila jioni wanajeshi wakiitwa kwenye wali wao, magoti yangu yalikaza yenyewe. Wazee wanaocheza mahjong, mchezo wao wa vigae, wakawa wananisubiri kama taarifa ya habari. Mzanzibari aliponiona alishika kichwa.

“Yakhe, umeambiwa usionekane, nawe unajigeuza mnara?”

“Ni mazoea.”

“Mazoea yako yatakupandisha ndege.”

Sasa, serikali ya jimbo ilikuwa na fungu la kusaidia mitaa iliyopakana na kambi. Siku ya jeshi kila nyumba ilipata mchele na mafuta ya kupikia, na mtaa uliosifiwa kwa kulipenda jeshi ulipata kibao chekundu na, nyuma ya kibao, mtaro mpya. Mtaro wetu ulinuka hadi panya walipita juu ya ukuta. Ayi aliutaka mtaro mpya kuliko alivyotaka wajukuu.

Wakaguzi wa jimbo wakaja, mashati meupe na miavuli. Mtaa wa jirani ulikuwa umeandaa watoto wa kuimba. Ayi hakuwa na kwaya. Alikuwa na mimi. Akanivuta kutoka chumbani kwa mkono wa shati.

“Ayi, ulisema nisionekane!”

“Leo onekana!”

Tarumbeta ikalia. Nikakaza. Mkaguzi mmoja akapiga makofi. Mwenzake, mnene, hakupiga.

“Anafanya hivi kila siku?”

“Kila siku!” Ayi alijibu kwa fahari.

“Saa ileile?”

“Hakosi hata mvua ikinyesha!”

Uso wa yule mnene ukabadilika. Mgeni, ukuta wa jeshi, kila siku, saa ileile. Hata mimi ningejikamata.

Kituoni niliwaeleza habari za Tabora, bendera na kichura. Mkalimani wao akaniomba nirudie hapo kwenye kichura, nikaruka kidogo sakafuni kuwaonyesha. Walicheka sana, wakanipa chai, wakakataa kuongeza visa.

Kibao mtaa ulipata. Ripoti ilisema wakazi walikuwa macho, wakamfichua mgeni ukutani. Ayi alikemewa asubuhi na kusifiwa jioni.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, kichochoro kilikuwa kimechimbwa kwa ajili ya mtaro. Ayi alinifungia mchele wake wa siku ya jeshi kwenye mfuko, kana kwamba Tanzania wanakula mchanga. Mzanzibari alikuwa ndani ya teksi, ananihimiza. Nikavuka shimo na mabegi yangu, tarumbeta ikalia. Nikasema leo sisimami. Nikatembea.

Nyuma yangu vigae vya mahjong vikaacha kugongana. Nikageuka. Ayi alikuwa amesimama mguu sawa, upawa mkononi. Wazee wa mahjong walikuwa wameinuka, wanajikaza wasicheke.

“Ni chakula tu, Ayi!” nikampigia kelele.

“Nyamaza, Laoban,” akasema bila kugeuza shingo. “Bendera.”

Nikatua mabegi. Teksi ikapiga honi mpaka tarumbeta ikaisha.